Nilichagua Bodi Ndefu

Sehemu ya saba

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe: "Wewe mama, kila wiki unalia, utacheka lini?" Ndugu yangu, na mimi najiuliza hivyo hivyo. Nilidhani safari hii ningecheka, maana ndiyo wiki niliyonunua gari. Kaa nikusimulie.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi na mume wangu tunakodisha maturubai na viti vya sherehe. Kwanza upepo ulituchania turubai kubwa katikati ya harusi ya watu. Kisha dereva wa lori la kukodi akapotea na viti vyetu themanini, na hadi leo sijui vinakaliwa na nani. Wiki iliyopita nilikomea pale mwanamke mmoja aliposimama getini kwangu na mfuko wa viatu vya mtoto.

Huyo ni mama mzazi wa binti yetu. Alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali binti akiwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata mimi nikaolewa na baba yake, nikamlea. Sasa ana kumi na mmoja. Miaka yote hiyo mama yake alikuwa sauti ya Ijumaa, dakika kumi kwenye spika, hata binti mwenyewe akampa jina: Mama wa Simu. Viatu alivyoleta vilikuwa pea tatu, vizuri kweli, na vyote vya mtoto wa miaka saba.

Hakuja kusalimia. Alikuja kumwomba mtoto wake, arudi naye huko. Karatasi zote alikuwa ameshazishughulikia, ilibaki sahihi ya baba. Mume wangu, ambaye hata soksi huchaguliwa, akasema, "Tumpe mtoto muda afikirie. Jumapili mama yangu atakuja, tutakaa kikao, mtoto mwenyewe atasema."

Nikakubali haraka. Asiyekuwapo na lake halipo, nilijiambia. Miaka minane nywele za yule mtoto nimezisuka mimi, homa zake nimekesha nazo mimi. Angekwenda wapi?

Ni ndani ya siku hizo za kufikiria ndipo tulipokwenda kununua pikapu.

Tulikwenda wanne. Mume wangu, mimi, binti, na Kigingi. Kigingi ni msaidizi wetu wa kusimamisha maturubai, mtu mzima mwenye watoto watano, mfupi, mnene, ukimpiga nyundo ya kichwa nadhani ataingia ardhini. Na binti yetu sisi humwita Karani, kwa sababu yeye ndiye mhesabu wa vigingi. Turubai letu kubwa lina vigingi arobaini na vinane, na tangu Karani aanze kuvihesabu hakuna hata kimoja kilichosahaulika uwanjani kwa watu.

Na nilibeba nguzo. Ndiyo, nilikwenda kununua gari na nguzo ya turubai begani.

"Mama, si tungekuja na tepu tu?" mume wangu alininong'oneza, anatazama huku na huku kama mtu aliyekamatwa pamoja na mwizi asiyemjua.

"Tepu inasema namba. Nguzo inasema ukweli."

Kwenye yadi zilikuwepo pikapu mbili tulizozimudu. Ya kwanza nyeupe, mlango mmoja kila upande, kiti kimoja cha mbele cha kukaa watu watatu, na nyuma bodi ndefu ya kupakia mizigo, futi nane. Ya pili ya bluu, milango minne, kiti kingine nyuma ya dereva, na kwa sababu ya kiti hicho bodi yake ilikuwa fupi, futi tano basi.

Nikaingiza nguzo kwenye bodi ndefu. Ikaingia yote. Nikafunga mlango wa bodi, paa! Kigingi akapiga makofi.

Nikaihamishia kwenye ile fupi. Ikatokeza nje futi mbili na nusu.

"Hiyo si kitu," mume wangu akasema. "Tunafunga kitambaa chekundu kwenye ncha, tunakwenda zetu."

"Na mashimo ya barabarani? Umesahau nguzo mbili zilivyopinda kwenye lori la yule mwizi?"

"Nguzo hunyooshwa."

"Na nani? Na wewe?"

Kigingi akacheka, kisha akakumbuka anayemlipa ni nani, akakohoa.

Mume wangu akashusha sauti. "Na Karani atakaa wapi?"

"Karani ana shule."

"Jumamosi hakuna shule, na harusi zote ni Jumamosi."

"Jumamosi ana nguo za kufua."

Nilisema kwa utani. Mimi ndivyo nilivyo, nikibanwa natania, na mume wangu akitaniwa hunyamaza. Ndoa yetu imekwenda hivyo miaka minane, na nilikuwa najiona mshindi.

Muuzaji alikuwa amechoka kutusikiliza. Akachomoa kalamu sikioni, akageukia upande wangu. "Mama, mimi swali langu ni moja. Mko wangapi?"

"Tuko watatu," nikajibu.

Nataka mnielewe hapa. Kila wiki, miaka nenda rudi, mwenye sherehe hunipigia simu na kuuliza: mnakuja wangapi? Anataka kujua ataweka sahani ngapi za mafundi wa turubai. Nami hujibu bila kufikiri: watatu. Mume wangu, mimi, Kigingi. Karani alikuwa anakuja kila mara, lakini sikuwahi kumtaja, kwa sababu alikuwa anakula kwenye sahani yangu. Mtu anayekula kwenye sahani yako humhesabu kando.

Basi jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia hodi. Watatu.

Karani alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ncha ya nguzo isianguke.

"Kama ni watatu," muuzaji akasema, "hiyo ya milango minne ni anasa. Chukueni bodi ndefu."

Tukachukua bodi ndefu.

Sasa niungame, maana nilianza kuandika hadithi hii ili niungame. Nguzo ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu yote. Kabla ya swali la muuzaji nilikuwa nimefungua mlango wa nyuma wa ile ya bluu nikatazama ndani. Kiti kizuri, kipana, cha kijivu. Na nilipokitazama nilimwona Mama wa Simu amekaa juu yake.

Namjua mume wangu. Ana huruma ya kijinga. Angesema, "Tumsogeze hapo mbele tu, anakwenda njia yetu." Kesho angesema, "Amekuja kumwona mtoto, tumrudishe kwake." Gari lenye nafasi huwezi kumnyima mtu. Gari la watu watatu linakukatalia lenyewe, wewe unabaki na adabu zako.

Nilikiogopa kiti. Mimi ninayefukuzana na turubai kwenye upepo, niliogopa kiti kitupu. Nikamfungia mlango mwanamke mmoja, na sikuangalia nani mwingine yuko nje.

Wakati wa kurudi nyumbani Kigingi alitaka kupanda nyuma kwenye bodi. Muuzaji akamwambia askari wa barabarani siku hizi hawataki kuona mtu huko. Ikabidi abanane nasi mbele. Karani nikampakata.

Tulifika mbali kidogo, akaniuliza taratibu, "Mama, nakuumiza?"

"Unaniumiza, mwanangu. Umekuwa gogo!"

Tukacheka wote. Kigingi alicheka zaidi, maana yeye alikuwa amebanwa katikati yetu.

Kuna msemo, ng'ombe haelemewi na nunduye. Nimeujua tangu mdogo. Ningeusema siku ile, maneno manne tu, pengine leo ningekuwa naandika mambo mengine. Sikuusema.

Karani akashika kile kishikio cha juu ya mlango, akajiinua kidogo kwa mikono. Akakaa hivyo njia nzima, ananing'inia, nisisikie uzito wake. Nami nilisikia nafuu. Mungu anisamehe, nilisikia nafuu.

Jumamosi tulikuwa na harusi. Kazi ya kwanza na gari letu wenyewe. Asubuhi nilitoka uani nikamkuta Karani amevaa kofia yake ya kazini, anasubiri.

"Leo baki, mama yangu. Si unaona gari lenyewe? Nitakuletea keki."

"Sawa, mama."

Hakununa. Alivua kofia akamwita Kigingi pembeni, nikawasikia kutoka kwenye gari.

"Unaviweka kumikumi," alikuwa anamwambia. "Mafungu manne. Vile vinane vya mwisho unavishika mkononi. Usivitie kwenye gunia mpaka uvishike, kwa sababu hivyo ndivyo hupotea."

"Ndiyo, Karani. Lakini si wiki ijayo utakuwepo wewe?"

"Wewe vishike tu, baba."

Nilimwambia mume wangu, "Umemsikia mwanao? Amekua!" Nilikuwa nimevimba kwa fahari. Kipofu huonea fahari hata asichokiona.

Harusi ilikwenda vizuri. Hakuna nguzo iliyopinda. Kila tulipopita shimo nilimgonga mume wangu begani: "Unaona? Unaona bodi ndefu?" Naye anaitikia, "Nimeona, mama." Kwenye chakula wakaniletea sahani yangu, nikala nusu nikasogeza nusu pembeni, mpaka nilipokumbuka hakuna wa kuimaliza.

Tulirudi jioni na keki kwenye karatasi. Kamba ya nguo uani ilikuwa imejaa mwanzo hadi mwisho. Karani alikuwa amefua nguo zote za nyumba ile. Mashuka, sare zake, suruali za baba yake za kazini, hata magauni yangu.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Ulisema Jumamosi nina nguo za kufua."

"Nilikuwa natania, mwanangu!"

"Aa," akasema. "Sikujua."

Akala keki, akashukuru, akakunja nguo. Nami nikaenda kuipangusa pikapu vumbi.

Jumapili mama mkwe alifika mapema. Mama mkwe wangu ni mtu wa haki, na watu wa haki mimi nawaogopa kuliko wachawi. Kabla kikao hakijaanza alituita jikoni mimi na Mama wa Simu, akafunga mlango.

"Mtoto si kamba ya kuvutana," akasema. "Nikimuuliza mle ndani, sitaki kusikia 'mimi nimekuzaa', sitaki kusikia 'mimi nimekulea'. Sitaki neno. Atakayemvuta kwa neno moja tu, nampa mwenzake mtoto. Mmenisikia?"

"Ndiyo, mama," Mama wa Simu akasema.

"Ndiyo, mama," nami nikasema.

Tukaingia sebuleni tukakaa, yeye kiti kile, mimi hiki, midomo imeshonwa. Karani akaitwa. Alivaa gauni lake la kutokea na alikuwa amejipaka mafuta. Hakuna aliyemwambia kiapo tulichokula jikoni.

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema, "hapa hakuna atakayekukasirikia. Sema ukweli wa moyo wako. Unataka kukaa na nani?"

Karani akanitazama mimi.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikainamisha kichwa nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Nilijua nikimtazama nitalia, na kilio changu kina maneno ndani yake. Vigae vyeupe kumi na vinne, kimoja kina ufa.

"Bibi," nikamsikia anauliza, "kwa mama huyu tutakuwa wangapi?"

"Nani? Mama yako aliyekuzaa? Mtakuwa wawili. Wewe na yeye."

"Basi nitakwenda na yeye," Karani akasema. "Hapa wako watatu tayari."

Mama wa Simu akajifunika uso kwa viganja. Hata yeye hakutoa sauti, aliogopa kiapo. Mume wangu alinigeukia taratibu, na sijawahi kuona macho ya mume wangu yakiwa vile. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Watatu? Watatu gani? Kisha nikaiona yadi, kalamu, nguzo begani, na mtoto aliyeshika ncha yake.

Nikataka kusimama. Mama mkwe akaniinulia kidole kimoja. Nikakaa.

Mume wangu alisaini kabla jua halijazama. Niliomba anisubiri mpaka asubuhi, akaniambia, "Tulimwambia atasema mwenyewe. Amesema."

Nikamfuata chumbani. "Nilijibu kama ninavyojibu kwenye simu! Wewe unajua! Mko wangapi, watatu. Mko wangapi, watatu!"

"Mimi najua," akasema. "Yeye anajua?"

"Kwa nini hukunikanya pale pale yadini?"

"Lini umewahi kukanywa?"

Alikaa kitandani akashika kichwa. "Nilikuuliza atakaa wapi," akasema. "Nilikuuliza, mama." Akalia. Miaka minane sikuwahi kumwona akilia, na sikujua pa kumshika.

Karani aliondoka jioni ile na begi moja. Safari yao ilikuwa Jumatano. Getini akanikumbatia, akaniambia sare zake ziko droo ya chini, nimpe mtoto wa jirani. Nilisema sawa. Nilisema sawa! Ulimi unaojibu muuzaji, dereva, mwenye harusi na wapita njia, siku ile ulisema sawa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa yadini kabla hawajafungua.

"Nataka ile ya bluu," nikamwambia muuzaji. "Chukua hii yako nyeupe."

Akatazama gari, akatazama uso wangu. "Mama, si ulisema nguzo inasema ukweli?"

"Nguzo haina mtoto."

Alizunguka pikapu nyeupe akikagua mikwaruzo. Tulikuwa nayo siku nne tu. Akashika bodi, akatikisa, akasema mambo mengi ya masharti, nikayakubali yote bila kuyasikiliza. Mume wangu akaja kuweka sahihi, bila neno, ila alipomaliza alinifungulia mlango wa dereva, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Kwa mara ya kwanza katika hadithi yangu hii jambo limekwenda sawa. Ningepaswa kushtuka.

Niliendesha mwenyewe mpaka alipopanga Mama wa Simu, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Karani alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje anasoma kitabu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, mistari inapinda, mkono wa mtu anayejifunza. Aliponiona alisimama.

"Mama! Hilo gari la nani?"

"Letu. Njoo uone."

Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akaingia, akakaa, akavuta mkanda akaufunga. Akapapasa kiti kwa viganja vyote viwili. Mimi nimesimama nje nimeshika mlango, natabasamu kama mwehu.

"Chako," nikamwambia. "Hakuna mwingine atakayekikalia."

Akageuka kutazama bodi kupitia kioo cha nyuma. "Na nguzo?"

"Zitatokeza kidogo. Tutafunga kitambaa chekundu."

"Zitapinda, mama."

"Zipinde!"

Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye vumbi la barabara, watu wa dukani wanatazama, nikamweleza yote. Simu za wenye sherehe. Sahani. Kwamba watatu ilikuwa hesabu ya sahani, na yeye hakuwa na sahani kwa sababu ya kwangu ilikuwa yake. Nikamwambia hata ile ya aibu, kwamba nilikiogopa kiti kwa sababu nilimwona mama yake amekikalia. Sikuacha kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Karani hakatizi mtu.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya kiti," akasema.

"Sasa kwa sababu ya nini?"

"Nilipomuuliza bibi tutakuwa wangapi, sikuwa namuuliza bibi." Akaukaza mkanda. "Nilitaka wewe useme na kwetu ni wanne. Nilingoja. Ulikuwa unatazama chini."

Ndugu msomaji, nimesimulia upepo na nimesimulia wezi. Hakuna kilichonipiga kama hicho.

"Nilikatazwa," nikasema.

"Na nani?"

Sikutaka kumharibia bibi yake. Lakini uongo ulikuwa umetutosha. "Na bibi yako. Alitukataza wote wawili tusiseme neno. Tuliapa."

Akafikiri. Niliona anafikiri, ule mkunjo wake mdogo kati ya nyusi, wa kuhesabu.

"Sasa hivi bibi hayupo," akasema.

Mlango wa juu ukafunguka. Mama wa Simu akatoka na taulo mikononi, mikono ina povu. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alishuka ngazi mbili, akasimama, akashika ukuta. Alikuwa amekonda tangu siku ile ya getini, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikumwona mwizi wa mtoto wangu. Nilimwona mtu aliyezungumza na spika kila Ijumaa miaka tisa, na ambaye usiku mmoja tu ndio amelala chumba kimoja na mwanawe.

"Dada," akaniambia, na sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Tafadhali."

Nikamtazama yeye. Nikamtazama Karani, amefungwa mkanda kwenye kiti cha kijivu, ananitazama vile vile alivyonitazama Jumapili, na safari hii hapakuwa na vigae vya kuhesabu.

"Baki," nikasema. "Baki na mimi, mwanangu. Sisi ni wanne. Tulikuwa wanne siku zote."

Karani akafumba macho, mabega yakashuka, pumzi ikamtoka ndefu. Akaja mikononi mwangu nusu, mkanda ukamzuia. Nikauona ushindi, nikauonja kabisa.

Kisha akafumbua macho, na hakunitazama mimi. Alitazama ngazi, juu ya bega langu, pale mwanamke yule alipokuwa ameketi chini ghafla na taulo lake.

"Mama," akaniuliza, "na yeye atabaki na nani?"